Stefania, Mtwangaji wa Unga Mweusi

Watu wa Handeni wakimtaja Stefania, wanamkumbuka kwa mambo mawili: kwamba alicheka makaburini, na kwamba alitembea kwa maringo. Nimewasikia wakisimulia hivyo kwenye harusi, kwenye foleni ya maji, hata kanisani, na kila nikisikia damu inanichemka. Mimi naitwa Mwaija. Nilikuwa nauza mitumba sokoni, kibanda changu kimegusana na cha mume wake, fundi redio Obadia Hiza. Nilimjua Stefania alipokuwa mzima, na nilimwona akimalizika. Alikuja kujua mapema kuliko sisi wote kwamba kinachommaliza ni ule unga mweusi aliokuwa akiutwanga. Tangu siku alipojua hakuomba kupona, wala hakuomba Obadia ampende. Aliomba jambo moja, binti yake Elina asiuguse.

Kwao ni Bungu, milimani huko Korogwe, kwenye ukungu na migomba. Alishushwa Handeni akiwa bibi arusi na miezi ya kwanza alikuwa akililia maji, maana kwao mtu akitaka maji anainama tu. Huku kwetu unafuata ndoo yako kama unafuata mdaiwa. Lakini alizoea, na mjini akajulikana kwa kusuka. Wanawake walitoka Segera kuja kukaa kati ya magoti yake. Alikuwa na vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, akikusuka ndani ya saa hiyo umeshajua habari za kata nzima, na ukiinuka kichwa kimetulia na mbavu zinauma kwa kucheka. Nilisukwa na mikono ile, kwa hiyo najua ninachosema.

Obadia alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe. Shamba lilipouzwa, mwenye mali mpya akaja na watu wake, na Obadia akarudi Handeni na kisanduku cha spana. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa na kila kitu kiliingia: mashati ya Wazungu waliokufa, sabuni zenye harufu ya peremende, redio kaseti kutoka Dubai zenye taa nyingi kuliko baa. Redio zilijaa hadi kwenye maboma ya Wamasai huko nyikani, ila umeme haukutoka mjini, na betri zilizoletwa pamoja na hizo redio zilikuwa za aibu. Unaziweka leo, kesho zinatoa ute. Watu walizianika juani juu ya bati, wengine walizing'ata kwa meno wakiamini zitaamka.

Obadia hakuwa mjinga, nitampa haki yake. Kule shambani alikuwa ameona betri kuukuu ya aina yake, kubwa kama ndoo, ina matundu ubavuni, na mzee wa karakana alimwambia kwamba betri ile inavuta hewa. Upande mmoja zinki, katikati maji ya chumvi, upande wa pili ukuta wa mkaa unaopumua. Akaamua kuitengeneza kwa vitu vya jalalani. Zinki aliipata kwa kupasua betri za tochi zilizokufa na kunyoosha vile vikopo vyake. Mkaa aliuchoma kwa vifuu vya nazi. Akapanga makopo manne ndani ya kisanduku cha mbao, akaunga nyaya, akaita watu. Redio ikapiga nusu wimbo, sauti ikaanza kuburuta kama ya mlevi, ikanyamaza. Soko zima lilimcheka.

Akajaribu majivu, akajaribu kutu, akajaribu udongo mwekundu. Mwisho akajaribu kitu kilichokuwa kimerundikana miguuni pake muda wote, yaani ule unga mweusi unaotoka ndani ya betri za tochi anapozipasua. Aliuosha, akaukaanga kwenye karai mpaka ukakauka kabisa, akauchanganya na mkaa wake na kuukandika kwenye wavu. Siku hiyo redio ilianza kuimba wakati nafungua kibanda, na nilipokuwa nafunga ilikuwa bado inaimba.

"Mkaa peke yake unavuta hewa kivivu," aliniambia, akijua mimi na redio hatuna habari. "Huu unga ndio unaoiharakisha. Na wenyewe hauishi, dada Mwaija! Ni kama mshenga. Anawakutanisha watu wawili, wanaoana, yeye anarudi kwao vilevile alivyokuja."

Wateja aliwaambia ni dawa tu. Wakiuliza dawa gani, anacheka.

Aligundua pia kwamba kadiri unga unavyokuwa laini ndivyo betri inavyopumua vizuri. Hapo ndipo Stefania alipoingia. Kinu ni cha mwanamke, nani angejadili hilo? Akaacha vichwa vya watu akashika mchi. Na kutwanga kulikuwa afadhali, kazi ilikuwa kwenye kupepeta. Mahindi ukiyapepeta, kinachoruka unakiacha kiende, unachukua kilichobaki kwenye ungo. Unga huu ni kinyume chake: unaotakiwa ni ule unaoruka, ule mwepesi kama moshi. Basi Stefania alitandika mikeka chini kwenye chumba cha uani kwao, akaziba dirisha kwa gunia, akafunga mlango ili upepo usiibe mali na mafundi wengine wasiibe siri, akapepeta humo ndani mpaka hewa ikawa nyeusi. Kisha alikaa humohumo akisubiri unga utue kwenye mikeka ili aukusanye kwa unyoya wa kuku. Alitoka jioni meno tu ndiyo meupe. Tulimtania, tukamwita mke wa fundi mkaa, naye alitutania zaidi.

Betri ya pumzi, kama walivyoiita, ikaenda kila mahali. Nyumba ikapata bati jipya.

Ubaya ulianzia kwenye usingizi. Aliniambia halali, na akilala miguu inakaza kama kamba. Kisha mteja wake mmoja wa kusuka alirudi analalamika kwamba nywele zimefumuka zenyewe kabla hajafika nyumbani. Stefania alizisuka upya bila malipo, mimi nikimwangalia, na nikaona vidole vinatafuta nywele kama vya mtu aliyevaa glavu. Zikafumuka tena. Hakuna aliyekuja kusukwa baada ya hapo.

Halafu ukaja ule mwendo. Visigino vyake viliacha kugusa chini. Alitembea kwa ncha za vidole, viwiko vimekunjwa, kifua mbele, kama jogoo anayevuka uwanja. Siku moja Metito, mfugaji aliyekuwa akija kununua betri za boma lao, alimwona akivuka sokoni.

"Mama Elina," alimwita, "mbona unaruka kama morani? Umeitwa ngomani?"

Watu waliangua kicheko, na Stefania akacheka. Sisi tuliponyamaza, yeye aliendelea. Alicheka machozi yakimtoka, mkono umeziba mdomo, na macho yake yakinitazama mimi kwa hofu ambayo sijaisahau. Uso wenyewe ulikuwa umeanza kuganda. Ukimsalimia, anakuitikia na sura haisogei, sauti inatokea chini kabisa ya koo. Wakasema amepata bati jipya sasa ananuna. Mji wetu huu hauna huruma, nakwambia. Mtu anakufa mbele yao, wao wanaona maringo.

Zikaja mvua za elinino. Barabara ya Segera ilikatika, mikeka haikukauka, unga ukaganda kuwa matope, na kwa muda mrefu hapakuwa na kutwanga. Stefania akaanza kulala. Akashusha visigino kidogo. Alinifuata kibandani, akanishika kidole kimoja na kukisuka na kingine kwa uzi, kunionyesha tu kwamba anaweza. Jua liliporudi, kinu kikarudi, na haikupita muda vidole vikafa tena. Hapo alijua. Hakuambiwa na mganga wala daktari, mwili wake ulimwambia.

Alimwambia mumewe nikiwa nimekaa palepale, ukuta wa kibanda ni gunia tu.

"Baba Elina, unga ndio unaonila."

"Unga gani? Unga haumli mtu. Mbona mimi siumwi?"

"Wewe huupepeti."

"Ukiacha wewe atapepeta nani? Mama yangu?" Nikasikia bisibisi ikitupwa mezani. "Watu wa milimani mmezoea kivuli. Kazi ikiwa ngumu, mnaumwa."

Baadaye wateja walianza kumwogopa, wakinong'ona kwamba betri zina uchawi, ndipo Obadia akampeleka kwa daktari. Yaliyotokea humo nilisimuliwa na Stefania mwenyewe, neno kwa neno, ikimchukua karibu asubuhi nzima kuyatoa. Daktari alimtazama anavyotembea, akaacha kuandika. Akauliza, "Mama huyu anafanya kazi gani? Amewahi kukaa mgodini? Anashinda kwenye vumbi?" Ndilo swali pekee la maana ambalo mtu yeyote alimuuliza Stefania katika maradhi yale. Na kwa kuwa sauti yake haikusikika, mume ndiye aliyejibu kwa niaba yake.

"Analima tu, daktari. Mahindi na maharage."

Alikuwa akilinda siri ya dawa yake. Pale nje kwenye benchi alikuwa amekaa fundi mwingine wa redio. Stefania alijaribu kusema. Alivuta pumzi, akafungua mdomo, na kile kicheko kikamtoka. Daktari akatikisa kichwa, akamwandikia vidonge vya kuongeza damu.

Mama yake Obadia alikufa kiangazi kile. Bibi yule alimpenda Stefania, alikuwa akimkanda miguu kwa mafuta ya nyonyo pale wengine walipomcheka, na Stefania alimlilia usiku kucha. Makaburini, jeneza liliposhushwa, mchungaji akiwa ameshika udongo mkononi, Stefania alicheka. Alijifunika khanga, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akapiga magoti, akaendelea kucheka. Wanawake walimvuta pembeni wakimfinya. Mimi nilikuwa nimemshika kiuno na nilihisi mwili wake wote ukilia.

Kikao cha ukoo kilikaa kabla ya matanga kuanuliwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Walisema arudi kwao, na mtoto abaki kwa baba yake, ndivyo mila inavyosema. Alipandishwa basi na furushi la nguo. Elina alikuwa wa kimo cha kinu wakati huo. Alisimama mbali, kwa sababu wenzake wa shule walikuwa wanatazama.

Bungu alikaa kwa kaka yake, Simeo, katika chumba cha nyuma walichokuwa wakiweka viazi. Simeo hakuwa mbaya, alikuwa amechoka tu. Stefania alishindwa kushika kijiko, akashindwa kugeuka bila kuanguka, na watoto wa pale waliigiza mwendo wake wakishindana nani anajua zaidi. Nilikuwa nikipanda huko kila nilipokwenda Korogwe kuchukua mzigo. Kila mara swali lake lilikuwa lile moja, likitoka polepole kama maji ya bomba bovu.

"Nani anatwanga?"

Mwanzoni nilimjibu kwamba hakuna, Obadia anauza akiba. Kisha Obadia akaleta mwanamke, Upendo, mrembo wa duka la vipodozi, na Upendo alisema wazi kwamba kucha zake hazikuumbwa kushika masizi. Basi mchi akapewa Elina. Kwanza baada ya shule, halafu badala ya shule. Nilimfuata Obadia, nikamwambia yote mbele ya redio zake, jinsi unga ulivyommaliza mama na utakavyommaliza mtoto.

"Dada Mwaija," alinijibu, "biashara yangu inakuuma. Uza matambara yako."

Nilikwenda kwa mtendaji wa kata. Alinisikiliza, akaniuliza kama kuna sheria inayokataza mtoto kumsaidia baba yake. Juu ya meza yake redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari, na pembeni yake, kisanduku cha mbao chenye matundu.

Kwa hiyo nilipanda Bungu na kumwambia Stefania ukweli. Uso wake haukubadilika, hauwezi kubadilika. Alisukuma kikombe kando kwa kiwiko, akashika ukuta ili ainuke.

"Nipeleke," alisema.

Tulishuka kesho yake. Njia nzima aliifanyia mazoezi sentensi moja, midomo ikisogea bila sauti, anaimaliza anaianza. Pale Segera tulipobadilisha gari, wauza machungwa walimwita mlevi, na kondakta mmoja alikataa kutupakia akisema hataki kutapikiwa. Stefania hakuwageukia. Alikuwa na maneno yake mdomoni na aliogopa kuyadondosha. "Elina mwanangu, unga huu ndio ulioniua. Toka humo." Ni hayo tu, na niliyasikia yakimtoka sawasawa tulipokaribia Handeni, nikamwambia anaweza.

Nyumbani kwa Obadia tulikuta mlango wa kile chumba umefungwa na ungo unasikika ndani. Upendo alikuwa barazani anapaka rangi kucha. Niligonga, nikaita. Elina akatoka. Alikuwa amerefuka, mweusi tititi kuanzia nywele hadi miguu, macho mekundu. Majirani wakaanza kuchungulia juu ya ua.

"Shikamoo, mama," alisema.

Stefania alifungua mdomo. Nilimwona akilitafuta neno la kwanza, nikaona shingo inakaza. Kisha kikaja kile kicheko. Alicheka mbele ya mwanawe aliyejaa masizi, akimwonyesha kidole, maana mkono nao ulikuwa ukisema kile mdomo ulichoshindwa.

"Umekuja kunicheka?" Elina aliuliza. "Umetoka Bungu kuja kunicheka?"

"Hakucheki!" nilimwambia. "Elina, mama yako anasema unga huu ni sumu. Ndio uliomfanya hivi. Nisikilize mimi!"

"Mwaija, hapa kwangu hutahubiri," Obadia alisema. Alikuwa amesimama nyuma yetu na spana mkononi, ametoka sokoni, sijui nani alimkimbilia. "Nimeshakwambia mama yako anatumwa na huyu," alimwambia mtoto, akininyooshea spana. "Anataka tukose wote."

Hapo Stefania alitupita. Kwa zile hatua zake za jogoo, akiyumba, akicheka, aliingia chumbani na kulikumbatia karai lililojaa unga uliokwisha kupepetwa, kazi ya siku nyingi. Sijui nguvu alizitoa wapi. Alitoka nalo hadi uani na kulimwaga lote mchangani, akaangukia juu yake kifudifudi, na akalala hapo amelifunika doa jeusi kwa mwili wake. Nilifurahi, nasema kweli. Nilidhani amemaliza.

Obadia hakumpiga. Alimtazama kama anavyotazama redio isiyotengenezeka.

"Okota," alimwambia Elina. "Usiache hata chembe."

Elina alipiga magoti. Alimsukuma mama yake taratibu mpaka akalala ubavu, akakusanya unga kwa viganja. Ulioshika kwenye khanga aliukung'uta, na ule wa kwenye mashavu ya mama yake, uliogandishwa na machozi, akaufuta kwa unyoya wa kuku na kuutia karaini. Upendo alisema jamani, wengine tuna mambo yetu, na akacheka kidogo.

"Umechanganyika na mchanga, baba," Elina alisema.

"Si unajua kupepeta?"

Alijitwika karai, akachukua ungo, akavuka uwanja kuelekea chumbani. Stefania alikuwa amelala shavu limegusa chini, anamtazama kwa usawa wa miguu, nami nikatazama anakotazama. Visigino vya Elina havikugusa mchanga. Mlango ulifungwa, gunia likavutwa dirishani, na ungo ukaanza kupiga, huku mama yake akicheka pale chini bila kuweza kuacha.